Kufufua makabati ya jikoni kwa fedha kidogo

Makabati mengi ya jikoni katika nyumba za Dar es Salaam huonekana yamekwisha wakati mbao zake bado ni nzima. Yanayoyachosha ni mafuta ya kukaangia, mvuke wa sufuria na bawaba zilizolegea, na hayo yote mwenye nyumba anaweza kuyashughulikia kwa mikono yake, ilimradi akubali kwamba sehemu kubwa ya kazi ni kuosha na kupiga msasa. Hilo nilijifunza kwa hasara: mara ya kwanza nilinunua rangi nzuri, nikaipangusa milango kwa kitambaa kibichi na kupaka jioni ileile, na haikupita miezi miwili kabla rangi ya mlango ulio karibu na jiko haijaanza kubanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Kabla ya kwenda dukani, tambua kwanza kabati limetengenezwa kwa kitu gani. Fungua mlango mmoja, toa bawaba, kisha chungulia ndani ya tundu lake. Ukiona chembechembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, hiyo ni chipubodi. Ukiona kitu laini kama unga ulioshindiliwa, hiyo ni MDF. Matabaka ni plaiwudi, na nyuzi ndefu ni mbao halisi. Ikiwa ni mninga au mkongo, nakusihi usiupake rangi, kwa kuwa msasa na vanishi mpya vitakurudishia kitu ambacho leo ungekinunua kwa bei kubwa.

Ng'oa milango na droo zote, na uzipe namba. Mahali pazuri pa kuandika namba ni ndani ya shimo la bawaba, kisha ulifunike kwa kipande cha utepe wa karatasi, maana namba iliyoandikwa mgongoni mwa mlango itapotea chini ya rangi, na milango miwili inayofanana kwa macho mara nyingi hupishana kwa milimita chache. Osha kila kipande kwa maji ya moto yenye sabuni ya unga, ukitumia sifongo iliyokamuliwa vizuri kwa sababu chipubodi na MDF huvimba zikilowa, na ukazane hasa pale vidole vinaposhika. Suuza kwa kitambaa na maji safi, kisha acha vikauke hadi kesho yake. Baada ya kupiga msasa mwepesi, nyunyizia matone machache ya maji: yakitandaa, mafuta yamekwisha, yakijikusanya kama maji juu ya jani la mgomba, rudia kuosha.

Skrubu zinazozunguka bila kukaza hazihitaji mlango mpya. Chovya njiti mbili au tatu za kiberiti kwenye gundi ya mbao, zishindilie ndani ya tundu, zikate usawa wa mlango, na baada ya gundi kukauka rudisha skrubu ileile. Sakafu ya kabati chini ya sinki ni jambo jingine, kwani chipubodi ikishavimba haisinyai tena. Ziba kwanza bomba linalovuja, kisha kata sakafu mpya kutoka kwenye mabaki ya plaiwudi, ambayo mafundi seremala, wa Keko kwa mfano, huwa nayo baada ya kazi zao kubwa. Mashimo na mikwaruzo huzibwa kwa puti ya mbao.

Kwa msasa, anza na namba 120 pale palipo na rangi mbovu, umalizie na namba 220, huku umevaa barakoa. Rangi za zamani sana huweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo ikiwa kabati ni la miaka mingi usisugue rangi yake ikiwa kavu. Ilowanishe kidogo, na watoto wakae mbali. Fomika, yaani karatasi ngumu ya plastiki iliyogundishwa juu ya bodi, nayo inahitaji kukwaruzwa hadi mng'ao wake ufe, kisha ipakwe praima (rangi ya chini) inayoshika juu ya sehemu laini, vinginevyo rangi itateleza.

Usikubali kuuziwa ndoo kubwa. Milango minane ya sentimita 40 kwa 70, ikipakwa pande zote mbili, ina eneo lisilofika mita za mraba 5. Lita moja ya rangi ya mafuta hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja, kwa hiyo lita moja hutosha mikono miwili, na fremu utaziongezea kidogo. Laza milango juu ya matofali, paka nyuma kwanza kisha mbele, kwa rola ndogo ya sponji na mikono myembamba, ukisubiri siku nzima kati ya mkono na mkono. Pwani, epuka kazi hii wakati wa masika, kwa kuwa hewa yenye unyevu huichelewesha rangi na kuiacha ikinata.

Vishikio vipya hubadili sura kuliko kitu kingine cha bei hiyo, ila pima kwanza umbali kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu la pili. Vipimo vya kawaida ni milimita 96 na 128, na ukinunua vinavyolingana hutalazimika kuziba wala kutoboa upya. Unaporudisha milango yenye bawaba za kikombe, zile zinazozama ndani ya shimo la duara mgongoni mwa mlango, skrubu iliyo karibu na mlango huusogeza kushoto na kulia, na ile ya nyuma huusogeza ndani na nje.

Rangi ya mafuta hukauka juu mapema lakini ndani hubaki laini kwa siku kadhaa, kwa hiyo wiki ya kwanza bandika vipande vidogo vya blanketi kuukuu kwenye pembe za fremu, ili mlango ukifungwa usigande.