Somo: Kufunga mwamba wa pweza miezi mitatu, na kujua kama umelipa

Pweza wa miamba yetu hukua haraka na huishi mwaka mmoja na ushei. Jike akishaangulisha mayai, hufa. Ndiyo maana kufunga mwamba, yaani kuacha kuvua pweza hapo, kwa miezi miwili au mitatu kunaonekana kwenye mizani. Andavadoaka, Madagaska, walianza 2004, na Kisiwa Panza, Pemba, nao wamefunga. Samaki anayekua polepole, kama changu, hatakupa jibu mapema hivyo.

1. Chagueni mwamba, usizidi robo ya eneo mnalovua. Kina mama wanaochokoa pweza matunduni kwa miguu wawepo tangu kikao cha kwanza: mkifunga mwamba wa karibu, wao hawana ngalawa ya kwenda wa mbali.

2. Wekeni maboya pembeni na mtangaze hadi kwenye madago (kambi) ya wavuvi wageni.

3. Pimeni KABLA ya kufunga, angalau bamvua mbili (siku ambazo maji hupwa na kujaa sana). Hapa ndipo kamati nyingi huharibu. Pweza apimwe mzima, kabla ya kutolewa matumbo. Andikeni uzito wa kila mmoja, jinsia, idadi ya wavuvi na saa walizokaa mwambani. Mizani ijaribiwe kila asubuhi kwa chupa ya maji ya lita moja: isome kilo moja na gramu chache za chupa. Wafunzeni wapimaji wanne. Mmoja akisafiri, daftari lisilale.

4. Doria kila bamvua, maana wezi nao huingia maji yakipwa.

5. Fungueni siku ya bamvua, kwa saa moja iliyotangazwa. Wanunuzi wawe zaidi ya mmoja, bei ikubaliwe kabla, barafu iwepo. Bila hivyo shehena inashusha bei siku hiyohiyo. Chini ya gramu 500 haruhusiwi Tanzania, aachwe tunduni. Msivunje mawe: tundu likiharibika, pweza mwingine hana pa kuhamia.

Maswali ya wanachama

*Dume na jike tunawatofautishaje?*
Tazama mkono wa tatu wa kulia, ukihesabu kutoka mbele. Wa dume ncha yake haina vinyonyo. Ncha ikiwa imekatika, andika "haijulikani", usibahatishe.

*Siku ya kufungua tulipata kilo 360, zamani 120 kwa siku. Si tumefaulu?*
Bado. Walivua wangapi? Zamani watu 10 kwa saa 4 ni saa-mtu 40, yaani kilo 3 kwa saa. Siku ya kufungua watu 40 kwa saa 3 ni saa-mtu 120: kilo 3 vilevile. Mmeongeza watu tu. Angalieni pia uzito wa pweza mmojammoja. Huo ukipanda, kufunga kumefanya kazi hata kama kilo kwa saa hazijasogea.

*Baada ya siku tatu mwamba mtupu. Tufunge tena mara moja?*
Wekeni idadi ya siku za kuvua kabla ya kufungua, si baada. Mkishaona fedha hamtaelewana.