Somo: Kuvuka bara la Australia kwa gari, kutoka Adelaide hadi Darwin

Somo hili nimeliandaa kwa ajili ya ndugu waliohamia Australia, pamoja na wanaokuja kuwatembelea jamaa zao huko, ambao wangependa kuivuka nchi hiyo kutoka kusini hadi kaskazini kwa kupitia katikati ya bara. Njia yenyewe ni Stuart Highway. Inaanzia Port Augusta, takribani kilomita 300 kaskazini ya Adelaide, na kuishia Darwin, hivyo kwamba safari nzima kutoka Adelaide ni kama kilomita 3,000. Jina lake linatokana na John McDouall Stuart, aliyeifikia pwani ya kaskazini mwaka 1862 baada ya kukatiza jangwa, na njia aliyoipata ndiyo iliyofuatwa na waya wa telegrafu uliokamilika mwaka 1872. Barabara yote ni ya lami tangu mwaka 1987, na msafiri aliyejiandaa hana sababu ya kuiogopa.

Jambo moja litajirudia katika hatua zote: safari hii hupangwa kwa vituo vya mafuta na kwa mwanga wa jua. Ukishayapanga hayo mawili, ndipo uangalie utalala wapi na utatembelea nini. Anayeanza kwa kuorodhesha vivutio hujikuta yuko njiani usiku, tangi linakaribia kuisha, na mji wa karibu uko kilomita 200 mbele yake.

Hatua ya kwanza: Chagua majira

Safiri kati ya Mei na Septemba. Huko nako Juni hadi Agosti ni kipupwe, kama ilivyo nyumbani, isipokuwa baridi ya jangwani ni kali zaidi, na usiku wa Alice Springs, mji ulio katikati ya nchi, unaweza kushuka hadi nyuzi sifuri au chini yake. Kuanzia Desemba hadi Februari joto la katikati ya nchi hupita nyuzi 40 mara kwa mara, na upande wa kaskazini huwa ni msimu wa mvua ambapo mito hufurika na kukata barabara. Hata upande wa kusini, ambao ni mkavu, hauna dhamana wakati huo: Januari 2022 mafuriko yaliikata Stuart Highway, na chakula kikalazimika kupelekwa mji wa Coober Pedy kwa ndege.

Hatua ya pili: Gari na leseni

Australia huendesha kushoto, kwa hiyo dereva aliyejifunza Kenya, Tanzania au Uganda atakuwa na wepesi, ilhali aliyezoea Kongo, Burundi au Rwanda ajizoeze kwanza mjini kwa siku kadhaa. Mgeni ambaye leseni yake haikuandikwa kwa Kiingereza awe na kibali cha kimataifa cha udereva au tafsiri inayokubalika.

Kabla ya kuondoka, fundi akague redieta na mipira yake, mikanda, betri, breki na tairi zote, ikiwemo ya akiba, ambayo watu huisahau kwa sababu haionekani. Hakikisha jeki na spana ya magurudumu zimo ndani ya gari, na kwamba wewe mwenyewe umewahi kuzitumia. Kama gari ni la kukodi, soma mkataba wote, kwa kuwa mingi hukataza kuendesha usiku nje ya miji na kuingia barabara za changarawe. Ukipata ajali ukiwa umevunja sharti hilo, gharama yote inaweza kukuangukia wewe.

Hatua ya tatu: Andika vituo vya mafuta

Chukua daftari, uandike jina la kila kituo, umbali wa kufikia kinachofuata, na saa yake ya kufunga. Kutoka Port Augusta hadi Pimba ni kilomita 170, kisha Glendambo kilomita 110. Baada ya hapo kuna kilomita 250 hadi Coober Pedy bila kituo chochote, na hicho ndicho kipande ambacho wageni wengi hukidharau. Kutoka Coober Pedy hadi Marla ni kilomita 235, kisha Kulgera kilomita 180, ukiwa umeshaingia Northern Territory, eneo la kaskazini mwa nchi, kisha Erldunda kilomita 75, na kutoka hapo Alice Springs ni kilomita 200. Upande wa kaskazini, Alice Springs hadi Tennant Creek ni kilomita 500, Tennant Creek hadi Katherine 670, na Katherine hadi Darwin 320. Katika vipande hivyo virefu vipo vituo vidogo kama Ti Tree, Renner Springs na Elliott. Piga simu siku moja kabla kuthibitisha kwamba kituo unachokitegemea kiko wazi, kwani vingine hufunga mapema jioni.

Sasa fanya hesabu kwa gari lako, ukiwa na mzigo wote. Gari linalotumia lita 10 kwa kilomita 100 likiwa tupu linaweza kutumia lita 13 likibeba familia, likiwa na mizigo juu ya paa na upepo ukilipiga kwa mbele. Tangi la lita 50, ambalo mjini lingekufikisha kilomita 500, hapo linakufikisha chini ya 390. Kanuni ninayoisisitiza ni kwamba tangi likifika nusu, unajaza kwenye kituo cha kwanza unachokutana nacho, hata kama bei yake inauma. Na mafuta ya katikati ya nchi kweli ni ghali kuliko ya pwani, jambo ambalo liingie kwenye bajeti tangu nyumbani.

Katika vituo vingi vya huko utakuta petroli iitwayo Opal. Ilitengenezwa ikiwa na kiasi kidogo sana cha kemikali zinazolevya, kwa sababu vijana wa jamii za wenyeji asilia walikuwa wakiangamia kwa kunusa petroli. Gari linalotumia petroli ya kawaida huitumia bila tatizo.

Hatua ya nne: Maji, chakula na mawasiliano

Beba lita 10 za maji kwa kila mtu kwa siku, na akiba ya siku mbili zaidi, ukiyagawa katika madumu kadhaa ili moja likipasuka usibaki mikono mitupu. Beba pia chakula kisichoharibika, blanketi, kurunzi na sanduku la huduma ya kwanza.

Mtandao wa simu wa Telstra hufika mbali kuliko mingine, lakini kati ya mji na mji mara nyingi hakuna mtandao wowote, na namba ya dharura 000 haisaidii pasipo na mawimbi. Kwa hiyo kodi simu ya setilaiti, au nunua kile kifaa kidogo cha dharura kinachotuma ishara kwa setilaiti kwenye masafa ya 406 MHz, kisha ukisajili kwa mamlaka ya usalama wa bahari ya nchi hiyo, AMSA. Usajili wake ni bure. Redio ya UHF, ile ya mazungumzo ya kutoka gari hadi gari, nayo inafaa, kwani madereva wa malori husikilizana kwenye chaneli ya 40. Mwambie ndugu aliyebaki nyumbani unalala wapi kila siku, na mkubaliane saa ambayo, usipopiga simu, ataarifu polisi.

Hatua ya tano: Kuendesha

Mwezi Juni katika Alice Springs jua huchomoza kama saa moja na robo asubuhi na kuzama kama saa kumi na mbili jioni. Ondoka saa mbili asubuhi, ufike unapolala kabla ya saa kumi na nusu alasiri, ukipumzika kila baada ya saa mbili. Hizo ni kama kilomita 500 kwa siku, nami nisingemshauri mtu apange zaidi. Kuanzia magharibi hadi alfajiri kangaruu hutoka kula majani ya kando ya lami, na katika Northern Territory ng'ombe hutembea mahali pasipo na uzio. Mnyama akiruka mbele yako, funga breki huku usukani ukiwa umenyooka. Anayekata kona kumkwepa huingia kwenye changarawe ya pembeni kwa mwendo mkali, na gari hupinduka.

Mchana kuna hatari nyingine ambayo wachache huitaja. Kangaruu aliyegongwa usiku hubaki barabarani, na tai wakubwa wa Australia, ambao mabawa yao yakikunjuliwa hupita mita 2, huja kumla. Tai aliyeshiba ni mzito, haruki papo hapo. Hupiga mabawa mara kadhaa akiwa chini sana, mara nyingi kwa kukatiza mbele ya gari, na anaweza kuvunja kioo. Ukiona mzoga una ndege juu yake, punguza mwendo ukiwa bado mbali na upige honi, umpe nafasi aondoke.

Kisha kuna malori yenye matela matatu, urefu wake ukifika mita 53.5. Kulipita lori hilo kunataka hesabu. Tuseme lenyewe liko mwendo wa kilomita 100 kwa saa, nawe uko kwenye 130, ambao ndio ukomo wa sehemu kubwa ya barabara hii ndani ya Northern Territory (South Australia, jimbo la kusini, ukomo ni 110). Ukiacha nafasi ya mita 50 nyuma yake na mita 50 mbele yake, utahitaji takribani sekunde 18, na katika muda huo utakuwa umekwenda mita 650. Gari linalokuja kutoka upande wa pili nalo limekwenda mita kama hizo. Maana yake uone barabara tupu kwa zaidi ya kilomita moja na robo kabla ya kutoka upande wako, na kama huioni, baki nyuma. Kaa mbali kiasi cha kuviona vioo vyake vya pembeni, kwa sababu usipoviona, dereva naye hakuoni. Lori likija mbele yako, shika usukani kwa mikono miwili, kwani upepo wake husukuma gari dogo kwanza nje, kisha ndani.

Hatua ya sita: Kuacha lami

Njia za changarawe kama Oodnadatta Track, inayotoka Marree hadi Marla kwa kilomita zaidi ya 600, ni za gari la juu, tairi imara na dereva mzoefu. Mvua ikinyesha hufungwa, na kupita kwenye bango la kufungwa ni kosa lenye faini. Sehemu kubwa ya ardhi nje ya barabara kuu ni mali ya wenyeji asilia, na baadhi ya njia huhitaji kibali kutoka baraza lao la ardhi, mfano Central Land Council. Omba mapema.

Maswali ya ndugu

Kaka mmoja wa Melbourne anauliza: Gari likizima mbali na kila kitu, na tunaona kama kuna nyumba upeo wa macho, tutembee?

Hapana, kaka. Msiliache gari. Gari huonekana kutoka angani kwa urahisi, mtu haonekani, na kivuli cha gari ndicho kitakachowatunza. Nyumba inayoonekana karibu kwenye tambarare ile inaweza kuwa mbali mno, na mtembeaji juani humaliza maji kwa haraka sana. Inueni boneti, washeni kifaa cha dharura, kaeni kivulini, mnywe maji bila kuyabania. Maji ya redieta yasinywewe kabisa, kwa kuwa yana dawa yenye sumu. Kwenye Stuart Highway yenyewe, mchana, kwa kawaida gari lingine litapita na kusimama.

Mama aliyeko Brisbane anauliza: Tuna gari dogo la kawaida na watoto watatu. Je, litatufikisha?

Litawafikisha, mama, mradi mbaki kwenye lami. Njia ya kwenda Uluru, ule mwamba mkubwa wa jangwani, inayochepuka Erldunda kwa takribani kilomita 250, nayo ni ya lami. Wapeni watoto chandarua za uso, kwani nzi wa jangwani hawana huruma. Mkifika Coober Pedy, mji wa wachimba opali (aina ya vito) ambako watu wengi huishi katika nyumba za chini ya ardhi, washikeni mikono muda wote nje ya mji, kwa sababu eneo lote lina mashimo ya migodi yaliyo wazi.

Dada wa Adelaide anauliza: Je, mlima wa Uluru unapandwa?

Haupandwi, dada. Kupanda kulifungwa tarehe 26 Oktoba 2019, miaka 34 kamili tangu ardhi ile irudishwe rasmi mikononi mwa Waanangu, wenyeji asilia wa eneo hilo, ambao kwao mahali hapo ni patakatifu. Mnaweza kuuzunguka kwa miguu, kilomita kama 10, na mjitahidi kumaliza kabla ya jua kuwa kali. Yapo maeneo yenye mabango yanayokataza kupiga picha, yaheshimiwe.

Ndugu mwenye asili ya Mombasa anauliza: Waislamu tutasali na kula wapi njiani?

Beba chakula chako, kwani nyama ya halali ni adimu kwenye vituo vya njiani. Alice Springs upo msikiti. Adelaide yenyewe ina msikiti wa Little Gilbert Street, uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1880 na jumuiya ya waendesha ngamia walioitwa Waafghani, ambao misafara yao ndiyo iliyobeba mizigo jangwani kabla ya reli na malori. Ukipata nafasi, sali hapo kabla ya kuanza safari.

Kaka wa Perth anauliza: Tukifika kaskazini tunaweza kuogelea mtoni?

Mataranka kuna mabwawa ya chemchemi yenye maji ya uvuguvugu ambako watu huoga, nanyi mtafurahi. Kwingineko someni bango kwanza, na kama hakuna bango linaloruhusu, msiingie majini. Mamba wa maji ya chumvi hupanda mito hadi mbali na bahari, hasa baada ya mvua, kwa hiyo msisimame ukingoni hata kwa kuchota maji ya kuoshea vyombo, wala msipige hema karibu na mto.