Namna ya Kusoma Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani

Vijana wanaokuja ofisini kwetu Vuga, Unguja, kujifunza uwakili huzijua hukumu kubwa za Marekani kwa sifa tu. Ukiwauliza nani aliomba nini mahakamani, wananyamaza. Mimi huwaambia hivi: wekeni sifa pembeni, tafuteni ombi.

Anza na namba. 5 U.S. 137 maana yake ni juzuu ya 5 ya ripoti za Mahakama ya Juu, kuanzia ukurasa wa 137. Muhtasari unaotangulia hukumu usomee tu kupata mwanga, usiunukuu. Mahakama yenyewe ilishasema mwaka 1906, katika shauri la Detroit Timber, kwamba muhtasari si sehemu ya hukumu.

Namba hiyo ni ya Marbury dhidi ya Madison, ya mwaka 1803, na hapo ndipo pa kujifunzia. William Marbury aliteuliwa mlinzi wa amani katika siku za mwisho za Rais John Adams. Hati yake ikasainiwa na kupigwa muhuri, lakini hakukabidhiwa. Serikali mpya ya Rais Jefferson, kupitia Waziri wake wa Mambo ya Nje, James Madison, ikaizuia. Marbury akaenda moja kwa moja Mahakama ya Juu kuomba mandamus, yaani amri ya kumlazimisha ofisa wa serikali kutimiza wajibu wake, ili apewe hati yake. Jaji Mkuu John Marshall anauliza maswali matatu. Yaandike kwenye daftari lako. Je, Marbury ana haki ya hati hiyo? Ndiyo. Je, sheria inampa nafuu, yaani njia ya kuipata haki hiyo? Ndiyo. Je, nafuu hiyo ni amri itokayo mahakama hii? Hapana, kwa sababu kifungu cha 13 cha Sheria ya Mahakama ya mwaka 1789 kiliiongezea mahakama mamlaka ambayo Katiba haikuipa, na sheria inayopingana na Katiba si sheria. Kwa hiyo mwenye haki aliondoka mikono mitupu, na mahakama ikabaki na nguvu ya kutengua sheria za Bunge. Asiyejua ombi la Marbury hawezi kuuona ustadi huo. (Na aliyeshindwa kuifikisha hati ile, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Adams, ni Marshall huyuhuyu.)

Kisha hesabu majaji: nani kaungana na nani, na kwa sababu zipi. Usifunge kitabu kabla ya kusoma maoni pinzani. Mwaka 1896, katika Plessy dhidi ya Ferguson, majaji saba walibariki mabehewa ya treni yaliyotenga watu kwa rangi huko Louisiana. John Marshall Harlan alipinga peke yake. Leo wanafunzi humsoma Harlan kwa heshima, na wale saba husomwa kama onyo.

Hatua inayowashinda wengi ni kupima upana wa uamuzi. Husemwa kwamba Brown dhidi ya Board of Education, ya mwaka 1954, ilifuta ubaguzi Marekani. Isome. Majaji wote tisa walizungumzia skuli za umma. Nafuu yenyewe waliiacha hadi mwaka 1955, na hata hapo waliagiza utekelezaji bila kutaja tarehe ya mwisho. Andika kiini cha uamuzi kwa sentensi moja yako mwenyewe. Ukihitaji sentensi tatu, rudi usome tena.

Jaribu njia hiyohiyo kwa hukumu ya kwetu: SMZ (Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar) dhidi ya Machano Khamis Ali na wenzake 17, ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania, mwaka 2000. Kila baraza Unguja na Pemba lina lake la kusema juu ya Zanzibar kuwa dola au kutokuwa. Swali lililokuwa mbele ya majaji lilikuwa la jinai: je, uhaini unaweza kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi? Walijibu hapana. Anzia hapo, ndipo uingie kwenye sababu zao.

Na ukiinukuu hukumu ya Marekani mbele ya jaji wa Mahakama Kuu, mwambie wazi kwamba haimfungi, kisha mwoneshe ni kifungu gani cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinachofanana na kile kilichotafsiriwa kule. Kama hukukipata, usiinukuu.