Studio ya nyumbani: chumba kwanza, maiki baadaye

Kila mara mtu akiniuliza ninunue maiki gani, kabla sijamjibu namuuliza kwanza, chumba chako kikoje? Wengi wanahisi nakwepa swali, sikwepi, jibu la maiki liko ndani ya hicho chumba. Ingia, funga mlango, simama katikati upige kofi moja la nguvu halafu sikiliza. Kama kofi limeisha ila kuna kimlio kinabaki hewani kama bati linatetemeka, basi ujue kila neno utakaloimba humo litarekodiwa pamoja na hicho kimlio, na ukishakirekodi hakitoki vizuri hata uwe na plagini (programu ndogo za kurekebisha sauti) za bei gani.

Mimi nilianza na maiki ya kondensa, aina yenye usikivu mkubwa, kwa sababu ndo nilikuwa naziona kwenye picha za studio kubwa, nikaisimamisha katikati ya chumba chenye kuta tupu na dirisha la kioo, nikarekodi nyimbo nne nzima. Kuja kusikiliza, sauti iko mbali kama mtu anaimba bafuni, feni inasikika, jirani akiburuta kiti anasikika. Nikahamia kwenye kona yenye kabati la nguo, nikafungua milango yake, nikatundika mablanketi mawili mazito nyuma yangu, maiki ileile, waya uleule. Ilikuwa kama nimenunua vifaa vipya. Tangu siku hiyo siwezi kumshauri mtu vifaa bila kuuliza chumba.

Sasa kwenye chumba kuna kosa moja linakula hela za watu sana, zile sponji nyembamba za kubandika ukutani. Sikiliza nikueleze kwa nini. Sauti ni mawimbi na kila noti ina urefu wake, noti ya 10,000 Hz (yaani mitetemo 10,000 kwa sekunde) wimbi lake ni kama sentimita 3 na nusu, ya 1,000 Hz ni kama sentimita 34, lakini besi ya 50 Hz wimbi lake linakaribia mita 7. Sponji ya sentimita 2 au 3 inanyonya zile za juu tu, za chini zinapita kama haipo, matokeo yake chumba kinakuwa kizito, besi inavuma halafu trebo, zile sauti za juu, imekufa. Unachotaka ni unene. Tengeneza fremu za mbao, jaza ile pamba ya madini wanayotumia kuzuia joto kwenye majengo, unene wa sentimita 10 hivi, funika na kitambaa kinachopitisha hewa (vaa barakoa na glovu ukiishika, inawasha na vumbi lake si zuri kwa mapafu). Anza na pembe za chumba maana besi inajikusanya huko. Halafu kaa unapokaa kumiksi (kuchanganya na kusawazisha ulichorekodi), mwambie mtu apitishe kioo ukutani pembeni yako, pale utakapoiona spika ndani ya kioo ndo pa kuweka paneli nyingine.

Na usichanganye mambo mawili, hizo paneli zinatuliza sauti ndani ya chumba, hazizuii sauti kutoka nje wala kuingia. Kuzuia kunataka uzito, kuta nzito, mlango mzito, matundu yote yamezibwa. Kama unapanga chumba na huwezi kugusa ukuta basi rekodi saa zilizotulia, hiyo ni bure.

Haya, maiki. Kwa nyumbani ni aina mbili, dainamiki na kondensa. Kondensa inashika vitu vidogo vidogo, pumzi, kucha kwenye nyuzi za gitaa, hewa ya juu kabisa ya sauti, inataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye intafesi, kile kiboksi cha kati ya maiki na kompyuta. Dainamiki haina usikivu huo, ukiisogelea inakusikia wewe na chumba inakiacha nyuma kidogo. Kwa hiyo kama umepiga lile kofi na chumba kimelia na huna uwezo wa kukitengeneza sasa hivi, chukua dainamiki, usione aibu. Shure SM58 ipo tangu 1966 na mpaka leo inauzwa, SM57 ni ya 1965 na ni kali kwa ampu za gitaa na ngoma, hizi ukiziangusha unaokota unaendelea na kazi. Kama chumba kimetulia, kondensa ya bei ya chini ya kampuni inayojulikana, mfano Audio-Technica AT2020 au Rode NT1, itakupa vokali safi kabisa.

Angalizo kwa wanaoitamani Shure SM7B kwa sababu wameiona kwenye kila podikasti: ni maiki nzuri ila ina sauti ndogo mno, inataka geini (kupandishwa sauti) ya dB 60, yaani desibeli 60, safi, na intafesi nyingi za bei rahisi hasa za zamani hazifiki huko bila kuanza kutoa kelele, utajikuta unanunua kifaa kingine cha kuipandisha. Hesabu hiyo kabla hujalipa.

Maiki nyingi za kuimbia zinasikia zaidi mbele na kidogo sana nyuma. Watu wanaweka blanketi nyuma ya maiki wakati maiki inatazama upande wa mwimbaji, kinachoingia ni mwangwi unaotoka nyuma ya mgongo wako, blanketi likae huko. Simama sentimita 15 hivi kutoka kwenye maiki na popu filta (kichujio cha kuzuia pumzi za p na b) katikati, ukiisogelea zaidi besi inaongezeka, sauti nyembamba zinapendeza hivyo ila sauti nzito zinakuwa matope.

Intafesi ni hicho kiboksi kinachounganisha maiki na kompyuta, na hapa wengi wanalipia matundu ya kuchomekea maiki na ala ambayo hawatayatumia. Jiulize kitu kimoja tu, ni vitu vingapi vitarekodiwa kwa wakati mmoja? Unaimba peke yako na kupiga gitaa, matundu mawili yanatosha miaka yote. Unarekodi ngoma za kupigwa kwa mikono au bendi nzima, hapo ndo uwaze nane. Hakikisha ina volti 48, ina sehemu ya kusikiliza sauti yako moja kwa moja bila kupita kwenye kompyuta, na kampuni yenyewe inatoa draiva ya ASIO (programu inayopitisha sauti kati ya intafesi na kompyuta bila kuchelewa sana) kama unatumia Windows. Hili la draiva watu wanalidharau halafu wanakuja kulia sauti inachelewa. Bafa ni kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakikusanya kwanza kabla ya kukishughulikia, ya sampuli 128 kwenye 44.1 kHz (sampuli 44,100 kwa sekunde) ni kama milisekunde 3 kila upande, kuingia na kutoka, mwimbaji hasikii tofauti, lakini ukilazimika kuipandisha mpaka 1024 kwa sababu draiva mbovu zinakatakata, hiyo ni kama 23 kila upande na hakuna mtu anaweza kuimba kwenye mapigo akiwa anajisikia kwa kuchelewa hivyo. Rekodi kwa biti 24 (kiwango cha undani wa rekodi, unakichagua kwenye programu), na usikimbizane na taa nyekundu, acha kilele cha sauti kicheze kati ya dB -12 na -6, kwenye biti 24 kuna nafasi kubwa sana chini hapo, ila ikipasuka kwa juu imepasuka.

Hedifoni zinunuliwe kabla ya spika, hapa sibadilishi maneno. Kwanza utazihitaji wakati wa kurekodi, na lazima ziwe za kufunga sikio kabisa ili mdundo usivuje ukaingia kwenye maiki. Sony MDR-7506 au Beyerdynamic DT 770 Pro, zimetumika studio miaka mingi na zote zinafaa. Za wazi nyuma ni tamu kwa kumiksi ila usirekodi nazo. Za Bluetooth weka pembeni kabisa, zinachelewesha sauti kiasi kwamba utaimba nyuma ya mdundo bila kujua kosa liko wapi.

Spika, kama chumba ni kidogo, inchi 5 zinatosha, inchi 8 kwenye kachumba zitavumisha besi mpaka usijue kipi cha wimbo na kipi cha ukuta. Wewe na spika mbili mfanye pembetatu yenye pande sawa, zile twita ndogo za sauti za juu ziwe usawa wa masikio. Halafu sikiliza kwanza nyimbo unazozijua kwa moyo, wiki nzima, kabla hujamiksi chochote, masikio yajue hizo spika zinaongeaje.

Kompyuta: RAM GB 16 na diski ya SSD, na isiwe na feni ya kupiga kelele karibu na maiki. Programu ya kurekodia chagua moja ukae nayo, REAPER unaijaribu siku 60 ikiwa kamili bila kufungiwa kitu, mwenye Mac ana GarageBand bure. Kinanda cha MIDI hakitoi sauti chenyewe, kinatuma maelekezo tu, kwa hiyo usilipie mbwembwe, kama hupigi piano kwa mikono miwili funguo 25 zinakutosha.

Stendi nunua nzito. Stendi nyepesi inashuka taratibu katikati ya teki (kuimba mara moja kunakorekodiwa) nzuri kuliko zote, na ile teki hairudi. Waya za XLR, zile za maiki zenye pini tatu, chukua mbili, ya kutumia na ya akiba.

Bajeti ikibana, vifaa vya mtumba sio vibaya hata kidogo, dainamiki hasa. Nenda na hedifoni zako na waya wako, omba kuunganisha palepale. Chomeka maiki, ongea, halafu tikisa waya kidogo pale unapoingia, ikikwaruza kuna shida pale waya unapochomekwa. Kwenye intafesi zungusha kila kitufe taratibu mwanzo mpaka mwisho ukisikiliza mikwaruzo, jaribu kila tundu sio moja tu, washa 48V na kondensa kama unayo uone kama kweli inaamka, na uangalie kwenye tovuti ya kampuni kama draiva ya hiyo modeli bado inakubali mfumo wa kompyuta yako. Kama muuzaji hataki uunganishe, mshukuru uondoke.