Florida Keys kwa RV: tafuta kiwanja kabla ya gari

Sisi tunaokaa Minnesota, theluji ikitubana, tunaanza na gari. Mtu anatuma picha ya RV kwenye grupu la familia, lile gari lenye vitanda, jiko na choo ndani, wote wanaitikia "twende!", halafu Desemba ndipo tunauliza tutalala wapi. Umechelewa. Florida Keys ni visiwa vilivyofuatana kwenye barabara moja, maili 113 na madaraja 42 hadi Key West, kisiwa cha mwisho, na viwanja vya kuegesha RV ni vya kugombania.

Nafuu ya bei iko kwenye hifadhi za jimbo: Bahia Honda, Curry Hammock, John Pennekamp. Curry Hammock ina viwanja 28 tu. Tangu Januari 2024 mkazi wa Florida anaweka nafasi miezi 11 kabla, sisi wageni miezi 10. Kwa hiyo ukitaka kufika tarehe 10 Februari, siku yako ni tarehe 10 Aprili ya mwaka uliotangulia. Nafasi huachiwa saa mbili asubuhi kwa saa za Florida. Akaunti iwe tayari, kadi iwe mkononi. Ukikosa, endelea kuchungulia kila siku, maana watu hughairi. Na kiwanja kimoja ni watu 8, watoto wakiwemo. Mjomba akijialika na wanawe, atafute chake.

Desemba hadi Aprili ndiyo msimu mzuri, na ndiyo ghali. Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba. Ukienda miezi hiyo, lipia mahali panaporudisha pesa.

Gari ningekodi Miami. Kuendesha kutoka huku juu ni maili zipatazo 1,800, na kwenye baridi kali mabomba ya maji ya RV hupasuka. Leseni yako ya kawaida inatosha kwa magari mengi ya kukodi. Uliza kimo cha gari, kiandike kwenye karatasi, kibandike mbele ya dereva. Mimi nilikumbuka kimo chetu nikiwa tayari nimeingia chini ya paa la kituo cha mafuta, mke wangu kashuka anapunga mikono kama kondakta wa daladala.

Asiye raia abebe kadi yake ya ukaazi au hati zake halisi. Sheria ya Marekani inamtaka kila asiye raia wa miaka 18 na zaidi atembee nazo, na hii barabara ina historia: mwaka 1982 askari wa mpakani waliweka kizuizi karibu na Florida City, foleni ikawa ndefu mno, hadi watu wa Key West wakatangaza kwa mzaha kwamba wamejitenga na Marekani.

Ukiwa umezoea Kigamboni au Diani, punguza matarajio ya mchanga. Miamba ya matumbawe huko nje huvunja mawimbi, hivyo fukwe ni chache na fupi. Bahia Honda ndiyo yenye mchanga wa maana. Kuvua samaki kunahitaji kibali, dola 17 kwa siku tatu kwa asiye mkazi. Yule konokono mkubwa wa bahari mwenye gamba la waridi mwache alipo, kumchukua ni kosa.

Sasa jambo ambalo picha za grupu hazionyeshi: choo. Chini ya gari kuna matangi mawili, la maji ya choo na la maji ya kuogea na kuoshea vyombo. Usiache valvu ya choo wazi mkiwa kambini, maji yatatoka na uchafu mzito utabaki umeganda. Subiri tangi lijae zaidi ya nusu. Vaa glovu, unganisha bomba la kumwagia maji machafu mpaka lishike, jaribu kulivuta kwa mkono. Fungua tangi la choo kwanza, likiisha fungua la pili, ili yale maji ya sabuni yasuuze bomba. Nilipofanya mara ya kwanza nilianza kinyume, bomba likabaki na harufu hadi tunarudisha gari, na shemeji yangu, aliyekuwa akinielekeza kwa sauti kubwa, alikuwa amesimama mbali, upande upepo unakotoka.