Restic: forget peke yake hairudishi nafasi kwenye diski

Kwa mnaotunza bakapu kwenye seva ya nyumbani kwa restic (programu ya bakapu): amri ya forget inaondoa tu kumbukumbu za nakala za zamani. Data yenyewe inabaki pale pale, na diski inazidi kujaa, mpaka uendeshe prune, amri inayofuta data isiyohitajika tena. Ziunganishe:

restic forget --keep-daily 7 --keep-weekly 4 --keep-monthly 6 --prune

Mara ya kwanza ongeza --dry-run uone kitakachoondoka, maana kikishafutwa hakirudi. Na tafadhali msingoje diski ijae pomoni: prune nayo huhitaji nafasi ya kuandika mafaili mapya kabla ya kufuta ya zamani. Wa Borg (programu nyingine ya bakapu), kuanzia toleo la 1.2, baada ya prune endesheni borg compact ili nafasi irudi.