Kabla Ploti ya Kikundi cha Maigizo Haijageuka Ghorofa Ishirini: Mambo ya Kuzingatia

Kilimani ya nyumba za vigae na ua wa michongoma inakwisha mbele ya macho yetu. Nusu ekari iliyobeba nyumba moja, kibanda cha mlinzi na miparachichi miwili sasa inabeba familia mia na zaidi, na upepo huohuo unavuma Kileleshwa, Parklands, Pangani na Ngara. Kikundi cha maigizo chenye ploti katika mitaa hiyo ya Nairobi, kiwe kiliirithi au kiliinunua kwa michango, kitabishiwa hodi na mwekezaji. Atakuja na michoro ya rangi, jengo lote vioo, na pale chini kabisa, kwa herufi ndogo, neno "ukumbi". Haya ni kwa bodi iliyokwisha kubishiwa hodi, au inayojua kwamba siku hiyo haiko mbali.

Sisemi mkatae. Paa linalovuja halingojei msimu mzuri wa tiketi, na mwenye ploti ana nguvu asiyokuwa nayo mpangaji. Phoenix Players, waliotuburudisha miaka mingi katika jengo la Professional Centre pale Parliament Road, walifunga mlango mwaka 2017 baada ya kulemewa na kodi ya pango. Ukumbi walikuwa nao, ardhi hawakuwa nayo. Ninyi mnayo, na ndiyo turufu yenu pekee. Ikishachezwa haichezwi tena, kwa hiyo kila jambo hapa chini ni la kufanywa kabla ya saini. Baada ya saini mtakuwa mnaomba.

Anzeni kwa kutoa hatimiliki kabatini na kuisoma. Vikundi vingi vilisajiliwa kama vyama, na chama cha namna hiyo hakiandikishi ardhi kwa jina lake. Hutumia majina ya wadhamini, watu wanaoishika mali kwa niaba yake. Wadhamini hao wako wapi leo? Mmoja amefariki, mwingine yuko ng'ambo, wa tatu alitoka kwa ugomvi na bado jina lake liko kwenye hati. Mali bila daftari hupotea bila habari. Sahihisheni majina kwanza, hata ikichukua mwaka, kisha someni hati ya udhamini yenyewe: inawaruhusu kuuza? Kukodisha kwa miaka mingi? Kuweka rehani? Kama hairuhusu, mkataba mtakaotia saini unaweza kuvunjwa kortini na mwanachama mmoja mwenye kinyongo na wakili mzuri.

Hesabuni pia miaka iliyobaki. Ploti nyingi za Nairobi si za milele, ni za kukodishwa kutoka kwa serikali, mara nyingi kwa miaka 99. Sheria ya mwaka 2020 inayoruhusu kila sehemu ya jengo kuwa na hatimiliki yake inataka ardhi ya kukodishwa iwe na miaka isiyopungua 21 mbele yake. Hicho ni kiwango cha sheria tu. Mtu anayenunua flati kwa mkopo, na benki inayomkopesha, watataka mingi zaidi, na hapo ndipo mwekezaji atakapoanza kuwashinikiza mharakishe kuomba nyongeza ya miaka. Ombeni ninyi, kwa jina lenu, mapema. Tena, kama hati inataja matumizi ya jamii au ya burudani, kubadilisha matumizi ni kazi ya kaunti na ina tangazo la umma, jirani atasoma.

Kuna jambo la urefu ambalo bodi nyingi hazilifikirii. Mji huu una Uwanja wa Ndege wa Wilson upande mmoja na kambi ya jeshi la anga ya Eastleigh upande mwingine, na jengo refu linahitaji ridhaa ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege. Hesabu yote ya mgawo kati yenu na mwekezaji inategemea idadi ya ghorofa. Mwekezaji anayewaahidi 25 bila kibali hicho mkononi anawauzia mbuzi kwenye gunia, hata kama yeye mwenyewe anaamini anachosema.

Sasa rehani, na hapa naomba msiharakishe. Katika ubia wa kawaida ninyi mnaleta ardhi, yeye analeta fedha. Mara nyingi fedha zenyewe ni mkopo, na mkopo unadhaminiwa na hatimiliki yenu. Ujenzi ukikwama ghorofa ya sita, benki haitauza ndoto za mwekezaji, itauza ploti. Swali la kumuuliza wakili wenu, si wake, ni hili: jengo lisipokwisha, tunabaki na nini? Jibu zuri lina sehemu kadhaa. Ardhi isihamishwe kwa kampuni ya ubia kabla vibali vyote havijatoka na fedha za awali hazijaonekana kwenye akaunti inayosimamiwa na pande zote mbili. Awepo mdhamini wa kukamilisha kazi, benki au bima, si barua ya nia njema. Na sehemu ya ukumbi, ikiwezekana, itengwe nje ya rehani tangu mwanzo. Mwekezaji atasema benki haitakubali. Labda ni kweli. Basi akatafute benki nyingine, au alete fedha zake nyingi zaidi. Akikataa yote mawili, amewaambia kwa mdomo wake nani atabeba hasara.

Kodi ziko pia: ushuru wa stempu wa asilimia 4 mjini, na kodi ya faida ya mtaji ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Mhasibu aitwe kabla ya wakili kuandika, kwa kuwa namna ardhi inavyoingia kwenye ubia ndiyo inayoamua nani analipa na lini.

Halafu ukumbi wenyewe. Kwanza, mtaushika kwa karatasi gani? Neno "watapewa nafasi" halina thamani. Hatimiliki ya sehemu yenu, kwa jina la wadhamini wenu, ndiyo ya kudai. Kukodishwa na kampuni ya ubia ni kurudi kuwa wapangaji katika ploti mliyokuwa wenyewe. Pili, mchukue msanifu majengo anayejua jukwaa, mmlipe ninyi, na akae mezani wakati michoro ya kwanza inapochorwa. Ghorofa ya flati ina urefu wa kama mita 3. Ukumbi mdogo tu wa maigizo unataka mita 5 au 6 zilizo wazi chini ya vyuma vya taa, na hautaki nguzo katikati. Nguzo za mnara wa flati hushuka kila baada ya mita chache, moja kwa moja hadi msingini, na kuzihamisha juu ya ukumbi kunahitaji mihimili minene ya zege inayokula fedha na urefu. Kwa sababu hiyo nadhani heri ukumbi ukae kando ya mnara, chini ya sehemu fupi ya jengo, kuliko chini ya tumbo lake. Jambo hili likiachwa hadi mhandisi amalize, mtaletewa ukumbi wenye nguzo mbili mbele ya jukwaa na mtaambiwa kwamba ni sehemu ya ubunifu.

Angalieni njia. Mapambo ya jukwaani huingia kwa lori, kwa hiyo mlango wa mizigo uwe na upana na kimo cha lori, usiopitia ukumbi wa mapokezi wenye marumaru ya wenye flati. Watazamaji wawe na mlango wao barabarani. Na wale tunaowategemea kuliko wote, wanafunzi wanaokuja asubuhi kutazama tamthilia za kutahiniwa, huja kwa mabasi. Mabasi manne ya shule yatasimama wapi saa nne asubuhi, katika barabara ambayo tayari imejaa bodaboda na magari ya kupeleka vyakula? Kikundi kikipoteza shule, kimepoteza mishahara. Chumba cha maleba, bafu za waigizaji, nafasi ya mazoezi yenye ukubwa sawa na jukwaa: hivi ndivyo hukatwa kwanza bei ya saruji ikipanda, kwa hiyo vitajwe kwa mita za mraba.

Kelele itawaua haraka kuliko deni. Kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili na dakika moja, na kwa maeneo ya makazi kiwango cha nje wakati huo ni desibeli 35. Kwa maneno mengine, kisheria usiku unaingia wakati kilele cha mchezo kiko njiani. Leo majirani wenu ni ofisi zilizofungwa saa kumi na moja jioni. Kesho juu ya kichwa chenu kutakuwa na mtu aliyekopa kwa miaka 20, mwenye mtoto mchanga, asiyejua kwamba alinunua flati juu ya ngoma. Uingereza iliingiza katika sera yake ya mipango ya mwaka 2018 kanuni kwamba anayeleta makazi karibu na ukumbi uliokuwapo ndiye anayebeba gharama ya kuzuia kelele. Kwetu msingoje sera. Iandikeni katika mkataba, katika hati ya kila flati na katika sheria ndogo za shirika la wenye jengo. Shirika hilo hupiga kura, na ninyi mtakuwa wachache. Saa za maonyesho, saa za kupakua mapambo, na kiwango chenu cha ada ya huduma visiwe vitu vya kuamuliwa kwa kura za wengi. (Ada ya kutunza bwawa la kuogelea la ghorofa ya kumi haiwahusu. Itaelekezwa kwenu hata hivyo.)

Kelele inasafiri pande zote mbili. Lifti, pampu za maji, jenereta na mabomba ya choo yanayopita kwenye dari huvuma ndani ya zege, na pazia halizuii mvumo huo. Ukumbi wa namna hii hujengwa kama chumba ndani ya chumba, sakafu na kuta zikiwa zimetenganishwa na mifupa ya jengo. Ukijengwa vinginevyo hautengenezeki baadaye kwa bei ya kikundi cha maigizo.

Waliofanikiwa wapo. Signature Theatre ya New York ilihamia mwaka 2012 katika kumbi zilizobuniwa na Frank Gehry, chini ya mnara wa ghorofa zaidi ya 60 kwenye barabara ya 42, lakini jiji lilitia mkono mfukoni. Crow's Theatre ya Toronto ilifungua mwaka 2017 ukumbi katika jengo la flati mtaani Leslieville, ukiitwa Streetcar Crowsnest. Streetcar ni jina la mwekezaji. Jina basi ni mali. Shoreditch, London, mnara wa ghorofa 37 umesimama penye mabaki ya Curtain, ukumbi wa mwaka 1577, na mradi huo unaitwa "The Stage". Wanaokaa juu wamenunua jina la jukwaa. Jina la kikundi chenu likitumika kuuza flati, lilipiwe, na liwe na kikomo.

Miaka ya katikati hupangwa vibaya kuliko yote. Mkiambiwa miezi 24 ya ujenzi, tengeni bajeti ya miezi 40. Kodi ya ukumbi wa kuhamia, iwe Kenya National Theatre au ukumbi wa taasisi za kigeni, iwe juu ya mwekezaji hadi siku ya kukabidhiwa funguo, pamoja na faini ya kila mwezi wa kuchelewa. Taa, maleba na picha za maonyesho ya zamani viorodheshwe na vihifadhiwe pakavu kabla tingatinga halijaingia. Waigizaji nao hawahifadhiki stoo, wanahitaji kazi, basi ziara za shule na kaunti ziwe zimepangwa kabla ukuta wa kwanza haujaanguka.

Majirani wakusanyeni mapema kuliko sheria inavyodai. Tathmini ya NEMA ina nafasi ya maoni ya umma, na asiyeridhika anaweza kwenda Baraza la Rufaa la Mazingira; miradi imekwama hapo kwa sababu ya maji taka, kivuli na barabara. Kituo cha sanaa cha GoDown, kilichoanza mwaka 2003 katika bohari la Dunga Road, kilianzisha mwaka 2013 tamasha la Nai Ni Who, wakazi wakionyeshana mitaa yao wenyewe. Mtaa unaowajua hivyo huja kwenye kikao ukiwa na maswali badala ya mabango.

La mwisho ni siku ya kupokea ukumbi. Usipokelewe mchana kukiwa kimya. Pokeeni usiku, lifti zote zikipanda na kushuka, pampu na jenereta zikiwa zimewashwa, na mtaalamu wa sauti mliyemlipa ninyi akiwa na kipimo chake katikati ya viti. Kiwango kinachokubalika kiwe kimeandikwa tayari kwenye mkataba kwa tarakimu, na ruhusa ya kuanza kuuza au kukalia flati za juu ingoje saini ya mtaalamu huyo.